Jogoo Niliyempeleka kwa Jina la Mwanangu

Sehemu ya Saba

Wiki jana niliwaacha nimesimama nje ya lango la Tata Nkongolo, kitambaa cha kichwa nimekivuta mpaka kwenye nyusi kama mwizi wa kuku. Kusema kweli, mwizi wa kuku ana heshima kuliko mimi. Yeye huondoka na kuku. Mimi nilikuwa nimempeleka.

Kwa wale waliofungia karanga gazeti la wiki jana, nitarudia kwa kifupi, maana aibu yangu haipungui kwa kurudiwa.

Mimi ni Mama Ezé. Nauza makayabo, samaki wa chumvi, katika soko la Manika hapa Kolwezi, na ni Mkristo wa miaka thelathini, wa kiti cha mbele. Mume wangu, Antoine Kabeya, ni fundi umeme mgodini. Mwanetu Ezéchiel ana miaka ishirini na mitatu, ana diploma ya umeme, na kazi ilikuwa inamngoja palepale kwa baba yake. Vijana wa Kongo nzima wanakuja Kolwezi kuingia ardhini kutafuta shaba na kobalti. Wangu, aliyezaliwa juu yake, akasikia sauti ya Mungu ikimwambia aondoke.

Na Mungu, mwenye mabara yote mkononi, akachagua Dilolo.

Miaka miwili ya utume, Dilolo! Na mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia wenzangu sokoni kwamba kanisa letu lina matawi mpaka Ubelgiji. Makayabo yangu yenyewe hupita Dilolo yakitoka Angola, bila wito wowote.

Basi, kanisa letu lina sheria: mtumishi anayetumwa asiwe na mchumba. Anayetaka kuoa aoe kwanza, utume baadaye. Na sisi watu wa Kasai tuna sheria ya zamani kuliko kanisa: jogoo wa kugonga mlango akipokelewa na baba wa msichana, akachinjwa, akaliwa, kijana amekwisha kuchumbia. Hata kama kijana mwenyewe hana habari.

Nikaziweka sheria hizo mbili pamoja, nikajiona mwerevu kuliko Sulemani.

Nilinunua jogoo mwekundu na kitenge kizuri vya kupeleka kwa Tata Nkongolo, tunayesali naye, mwenye binti anayeitwa Myriam. Mwanamke hagongi mlango wa wakwe, hiyo ni kazi ya baba wadogo. Kwa hiyo nikamtuma Kabasele, mdogo wa mume wangu, mchimbaji aliyekuwa akilala kwetu na kula kwetu tangu shimo lilipomwangukia mguuni. Yeye aliingia na jogoo, mimi nikabaki nje. Alipotoka alikuwa anajipangusa mdomo.

"Banakubali," akaniambia. "Banamuchinja palepale. Lakini shemeji, uko hakika yaya Antoine anajua?"

"Kaka yako anajua," nikasema.

Nikarudi nyumbani kusubiri umbea ufanye kazi yake.

Kolwezi ni mji ambao ukinunua kitanda kipya Jumatatu, Jumanne watu wanakuuliza kama ulilala vizuri. Nilitegemea siku mbili tu kabla Mchungaji Mechack hajafika kwetu, uso umemshuka, kusema kwamba Ezéchiel hawezi tena kutumwa.

Siku mbili zikapita. Ya tatu, ya nne. Kimya.

Nikamwita Kabasele nyuma ya nyumba. "Mbona hakuna mutu anasema kitu?"

"Baseme nini, shemeji? Jina ya kijana haitajwe mpaka babukwe balete jibu. Unasahau?"

Nilikuwa nimesahau. Mwanamke mzima, binti wa watu wa Kasai, nimekwenda kumfunga mwanangu kwa kamba ya desturi, na nusu ya kamba nimeiacha nyumbani. Jina la kijana hukaa chini ya ulimi hadi wazazi wa msichana waje wenyewe kujibu, na wao huja siku wanayotaka. Mkwe hasukumwi.

Na treni ya Dilolo ilikuwa ya Jumatatu. Jumatatu ya treni zetu, maana yake pengine Alhamisi, lakini mwanangu ana imani.

Jumamosi, saa tisa alasiri, tukakaa uani kumbariki.

Zamani wazee wetu walibariki kwa pemba, udongo mweupe. Tulipookoka tuliacha pemba, tukachukua maji ya bomba katika bakuli la glasi, tukaongeza "kwa jina la Yesu" mwishoni, na kila mtu akaridhika. Lakini jambo moja halikubadilika. Kabla ya kumbariki mtoto anayeondoka, mzazi hutoa kwanza neno lolote alilonalo moyoni, mbele ya wote. Ukimbariki na huku umeficha neno, maji yanageuka. Mtoto anaondoka na laana kichwani, na wewe ndiye uliyemtwika.

Mchungaji anasema hizo ni imani za kale. Mchungaji hana mtoto anayepanda treni.

Antoine akashika bakuli. "Mi njo nitaanza," akasema. "Ezé, nilikukasirikia. Nilikuombea kazi kwa chef, mukubwa wa mugodi, akakubali, we ukakatala. Nikasikia haya. Wiki mbili nilikuwa nakusalimia na mudomo tu."

"Nilisikia vile, tata."

"Ingine. Ile radio nilisema ni we uliharibisha. Ni miye niliharibisha."

Majirani wakacheka. Ezéchiel naye akacheka, amepiga magoti na shati lake jeupe, na mimi nikafikiri kwamba kesho kutwa sitasikia kicheko hicho ndani ya nyumba.

"Sasa inaisha. Mi sina tena na neno." Antoine akachovya vidole, akampaka maji kwenye paji la uso. "Wende muzuri, urudi muzuri. Kila fasi utatia muguu, Mungu atangulie, kwa jina ya Yesu."

Halafu mume wangu, ambaye hulia mara moja kila miaka kumi, akageukia ukuta kana kwamba ameanza kupenda matofali. Bakuli likaja kwangu.

Hapa niache mzaha kidogo.

Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa na miaka kumi na minne. Sisi watu wa Kasai tulifukuzwa huku, tukalala kwenye stesheni ya Kolwezi miezi mitatu tukingoja treni, na mvua na maradhi juu yetu. Treni ilipokuja tulipanda watu sita. Tulishuka watano. Mdogo wangu Gael tulimzika kando ya reli, mahali ambapo hata jina lake silijui. Baada ya miaka tulirudi, nikaolewa, nikazaa, lakini stesheni sijakanyaga tena. Nikisikia honi ya treni nikiwa sokoni, mikono yangu inakosea mizani.

Ezéchiel sikuwahi kumwambia hayo. Nilimwambia Dilolo kuna mbu wengi.

Nilitaka abaki. Hilo ndilo nililolitaka kuliko uzima wangu, na kwa ajili yake nilikuwa nimedanganya watu watatu na kuku mmoja. Lakini sasa bakuli lilikuwa mkononi, na mtoto amepiga magoti. Kama nikisema, ataondoka akijua mama yake ni mtu wa namna gani. Kama nikinyamaza na kumpaka maji, nitakuwa nimemlaani kwa mikono yangu.

Nilikuwa nimeamua kusema. Naapa nilikuwa nimeamua, ingawa naona ni rahisi kuapa leo.

Lango likafunguliwa.

Akaingia Tata Nkongolo, amevaa koti zito kwenye jua la saa tisa. Nyuma yake mkewe na sufuria kichwani, na nyuma ya mkewe binti yao Myriam, na sufuria ya pili na uso wa mtu anayepelekwa hospitali kwa nguvu.

"Jambo yenu, babukwe!" Tata Nkongolo akapaza sauti. "Tunasikia bukwe wetu anasafiri. Tukasema hapana, hawezi kuenda mbele ya siye kuleta jibu. Jibu ni ndiyo!"

Mungu hujibu maombi. Shida ni saa anayoichagua.

Antoine akatazama nyuma yake, aone kama kuna bukwe mwingine amesimama pale. "Tata Nkongolo, karibu, ikala. Lakini bukwe gani?"

"Ezéchiel! Nani mwingine?"

Ezéchiel akasimama. "Tata, samahani, mi sijatuma mutu kwenu. Myriam, mi nilikuambiaka kitu?"

"Hapana," akasema Myriam bila kuinua macho.

Tata Nkongolo akaweka mikono kiunoni. "Jogoo tulikula. Kitenge, mama ya Myriam anavaa ile, muangalie. Sasa munataka kuniambia jogoo ilitembea na miguu yake, ikafika kwangu na kitenge mu mudomo?"

Mama Myriam akageuka kidogo ili tukione vizuri. Kilimpendeza. Nilikichagua mwenyewe.

"Nani alileta?" Antoine akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Antoine akishusha sauti ni heri apige kelele.

Tata Nkongolo akanyoosha kidole kwa Kabasele, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele.

Kabasele akanitazama mara moja tu. Palepale akaelewa kwamba nilimdanganya, kwamba kaka yake hakujua lolote. Nikasubiri aseme. Machozi nilikuwa nimekwisha kuyaandaa.

"Ni miye, yaya," akasema. "Hakuna mutu alinituma. Nilifikiri ni muzuri mutoto apate muke. Nilikuwa nimekunywa kidogo."

Kabasele hanywi. Tangu shimo limwangukie, hata harufu ya bia haitaki. Antoine anajua hivyo, lakini hasira haina kumbukumbu.

"Mu jina ya mutoto yangu? Na anaenda keshokutwa? Toka! Chukua bitu byako, utoke mu nyumba yangu!"

"Sawa, yaya."

Akaingia ndani akichechemea, akatoka na mfuko wake na ile taa yake ya kichwani ya kuchimbia. Sote tukajua anakwenda wapi. Mchimbaji asiye na nyumba ana kambi moja tu, kule kwenye mashimo, na mvua za mwaka zilikuwa zimeanza. Mashimo ya wakati wa mvua hayamwulizi mtu jina.

Nilikuwa nimesimama na bakuli. Ilitosha kusema, "Antoine, ni mimi." Maneno matatu. Mtoto wa miaka miwili anayaweza.

Kabasele akapita mbele yangu, akaniaga kwa heshima, akatoka.

"Awe alikunywa, asikunywe, miye nilikula," Tata Nkongolo akasema. "Nyama ya mu tumbo haitapikwe. Binti yangu eko wa nyumba hii mpaka bazee baikale." Akaondoka na mkewe, kitenge kikipepea, wakamwacha Myriam angojee sufuria.

Antoine akajipangusa jasho. "Tuendelee. Mama, kama uko na neno, tosha ile inje."

Ezéchiel akapiga magoti tena mbele yangu. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikimtoa mwiba: bila wasiwasi wowote.

"Mi sina na neno mu roho," nikasema.

Nikachovya vidole. Nikampaka. "Wende muzuri, urudi muzuri." Akasema amina. Wote wakasema amina. Na mimi nikasema, tena kwa sauti kuliko wote.

Sherehe ikikosa yote haikosi sahani chafu. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni nyuma ya nyumba, Myriam akaja kuchukua sufuria za mama yake. Hakuzichukua. Alichuchumaa, akaanza kusuuza.

"Mama," akasema, "ile siku ya jogoo mi nilikuwa ku dirisha. Nilikuona ku lango."

Sahani ikaniponyoka. Ilikuwa ya plastiki, haikuvunjika, hata sinema hiyo nikanyimwa.

"Juu ya nini haukusema pale mbele ya bote?"

"Mi niko nani, mama, nikupatishe haya mbele ya mutoto yako?"

Nilitaka kumshukuru, lakini hakuwa amemaliza.

"Mi pia nilipata barua ya utume. Sandoa, miaka mbili, kufundisha bamama kusoma. Ilikuwa inabakia tu baba atie signature. Njo jogoo ikafika. Baba akaenda kwa pasteur, akasema, 'Binti yangu eko na muchumba, mutoshe jina yake ku liste.' Banaifuta."

"Lakini leo bote banasikia Ezé hakutuma mutu. Inaisha."

"Kwa Ezé njo inaisha. Baba yake anasema hatujui, anaenda. Miye, baba yangu alikula." Akapanga sahani moja juu ya nyingine, taratibu. "Unisaidie, mama. Kesho ku kanisa njo banasoma liste ya mwisho."

Angenitisha, ningejua la kufanya. Sokoni natishwa kila siku, na ninapenda. Lakini aliniomba tu, kwa adabu, akajitwika sufuria mbili, akaenda zake.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo walivyosema wahenga. Mimi nilikuwa na ufundi zaidi. Nilichimba, nikawatumbukiza wengine, nikabaki juu na kiti changu cha mbele.

Jumapili nilikikalia kiti hicho. Msidhani nilikuja kutubu. Nilikuwa na mpango mwingine, kwa maana mimi naweza kukosa unga lakini mpango sikosi. Nilisema nitangoja treni iondoke, kisha nitakwenda polepole kwa Tata Nkongolo na jogoo wa pili, wa kumfungua binti. Jina la Myriam litarudi kwenye orodha ya mwaka ujao. Kabasele nitampelekea chakula. Kila mtu atapona, na mimi sitakuwa nimesema kitu.

Mchungaji Mechack akasoma orodha. "Ndugu Ezéchiel Kabeya, Dilolo."

Ezéchiel akasimama mahali pake. Hakwenda mbele.

"Pasteur," akasema, "mi siendi."

Antoine akakohoa. Mimi nikashika benchi.

"Kuko dada mumoja hapa, banatosha jina yake ku liste juu ya jogoo ilitoka kwetu. Nilisikia ile asubuyi. Siyo miye nilituma ile jogoo, lakini ilienda na jina yangu. Sasa mi naweza kuenda namna gani kufundisha batu ku Dilolo, nikiacha mwenzangu anafungwa huku? Nitabakia. Bazee bakisema nimuoe, nitamuoa. Bakisema tungoye, nitangoya."

Kanisa likapiga makofi. Watu hupenda sana dhabihu ya mtu mwingine. Myriam peke yake hakupiga.

Basi, ndugu wasomaji, nilikuwa nimeshinda.

Hebu niangalieni. Mwanangu anabaki. Kazi ya mgodini bado ipo. Treni itakwenda Dilolo bila yeye, na mimi sitalazimika hata kusogelea stesheni. Pengine wajukuu mwakani. Yote niliyoyaomba yaliletwa mbele yangu siku ya Bwana, ndani ya nyumba ya Bwana, na uongo wangu ndio ulioyaleta.

Mchungaji akainua mkono watu wanyamaze. "Wazazi wake walimwachilia kwa kinywa, mbele ya Mungu. Kwa kinywa wamrudishe. Tata Antoine?"

"Nakubali," akasema Antoine, akishindwa kuficha furaha. Chef alikuwa bado hajaajiri mtu.

"Mama Ezé?"

Lilibaki neno "ndiyo". Nikasimama kulisema. Na nikageuka kuwatazama watu, jambo ambalo mwongo hapaswi kamwe kulifanya.

Nikamwona Myriam. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama mikono yake juu ya mapaja, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Nikamwona na Kabasele. Alikuwa amesimama mlangoni, mahali ambapo kaka yake hawezi kumwona, tope mpaka magotini. Alitoka kwenye mashimo akaja kusali nasi. Macho yetu yalipokutana akainamisha kichwa, akanisalimia kwa heshima, kama kila Jumapili.

Hilo ndilo lililoniua. Angenitukana kwa mkono tu, ningesema "ndiyo" na kukaa.

"Pasteur," nikasema, "ile jogoo ni miye nilituma."

Hakuna aliyecheka.

"Kabasele hakukunywa kitu. Nilimudanganya, nikamuambia bwana yangu anajua. Myriam hana na kosa. Ezé hana na kosa. Nilitaka mutoto yangu abakie. Niliogopa ile treni, pasteur. Mi niliacha ndugu yangu kando ya reli, sitaki kuacha na mutoto." Na kwa mara ya kwanza katika hadithi hii machozi yangu hayakuwa ya kuandaliwa.

Antoine akaketi polepole kama mzee. Tata Nkongolo akasema "Kumbe!" kwa sauti iliyofika barabarani. Mama Myriam, aliyekuwa amekivaa kitenge kwa siku ya pili, akaanza kukikagua kana kwamba kina funza.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilingoja aibu, na aibu ilikuja, lakini pamoja nayo ulikuja wepesi ambao sikuutegemea. Mwanangu sasa ataondoka akijua kila kitu. Myriam atafunguliwa, Kabasele atarudi nyumbani. Na mimi, nani ajuaye, kesho ningethubutu kwenda hata stesheni. Watu wangesema, tazama mama shujaa. Niliona hata ushuhuda nitakaoutoa mwaka ujao, wa dakika ishirini.

Mnaona jinsi nilivyo? Hata toba yangu nilikuwa nimekwisha kuivalisha nguo za sikukuu.

Ezéchiel akatoka mahali pake. Akapita katikati ya mabenchi, watu wakivuta miguu wampishe, akaja kusimama mbele yangu. Nilidhani atanikumbatia. Nikafungua mikono kidogo.

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

"Mama," akasema, "jogoo haina neno. Nakuuliza kitu kimoja tu. Jana ulishika maji. Tata akakuuliza, ukasema hauna na neno mu roho. Kisha ukanipaka. Ile maji ilikuwa nini?"

Mchungaji Mechack, mtu asiyeamini imani za kale, akafunga Biblia yake na kusogea asikie vizuri.

"Mwanangu..." nikaanza.

Alitoa leso mfukoni, akapangusa paji la uso, palepale nilipompaka, ingawa maji yalikuwa yamekauka tangu jana. Kisha akaikunja leso mara nne, akaishika mkononi, akaningoja nijibu.